Toba, Sofa na Fundi wa Viti

Swali lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa moja tu: "Unakaa wapi?" Na kila mteja alijibu vibaya. Alitaja mtaa wake wa Nairobi, Tena, au Tassia, au Umoja, na wengine walimweleza hadi rangi ya geti. Fundi aliwaacha wamalize, kisha akapiga kiti cha pikipiki kwa kiganja na kusema, "Mimi siji kukutembelea. Nakuuliza hapa juu, unakaa wapi?" Ulikuwa mzaha wake wa kila siku, na kwa miaka yote niliyomjua sikuona hata mtu mmoja akijibu sawasawa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe nilisema, "Tassia, nyuma ya kanisa, gorofa ya nne." Alicheka hadi akavua miwani.

Alikuwa fundi wa viti vya pikipiki. Si wa injini wala wa breki, bali wa viti peke yake. Kibanda chake kilikuwa Tena, kando ya barabara, mabati matatu na kipande, na ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, marobota ya sponji, ngozi bandia za rangi zote na harufu ya gundi ambayo ukiizoea unaikosa. Jirani yake alikuwa Mama Uji, mwanamke wa kutoka Murang'a mwenye sufuria mbili na sikio linalosikia hadi Umoja. Ukimwambia Fundi jambo, umemwambia na Mama Uji, na hakuna aliyejaribu kubadilisha hilo.

Upimaji wake ulikuwa wa aina yake. Alitandika kitambaa cheusi juu ya kiti, akakinyunyizia unga wa chaki alioutwanga mwenyewe, kisha akakuamuru upande ukae dakika kumi. Si kukaa kama picha ya pasipoti, hapana. Ulipaswa kuongea, kulalamika kuhusu serikali, kutafuta simu mfukoni, kujikuna. Ukishuka, chaki ilikuwa imetoka pale ulipokandamiza, na yeye aliinama juu ya lile doa kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Halafu alilinakili kwenye karatasi ya kaki, akaikunja na kuiandika jina la mtaa wako, kwa kuwa ndilo jibu ulilokuwa umempa. Ukutani kulikuwa na mikunjo chungu nzima: Tena, Tena, Tassia, Mathare, Donholm, Tena. Nasi tuliondoka pale na makalio meupe. Ukikutana barabarani na mtu mzima mwenye suruali ya kazi na doa la chaki nyuma, ulijua ametoka kwa nani.

Na lile doa alilisoma kweli. Nilimsikia akimwambia mwendeshaji mmoja wa boda, "Wewe unakaa upande mmoja. Simu iko mfuko gani?"

"Wa kulia, mzae."

"Na unaikalia siku nzima. Ndiyo sababu unaniambia mgongo unauma. Mgongo wako hauna kosa."

"Aah, buda, we ni mganga ama ni fundi?"

"Mwili unaweza kudanganya mdomo," alimjibu. "Kiti haukidanganyi."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, yote ya viti. Injini hukupeleka, kiti ndicho hukufikisha. Mwenye haraka mshonee wa mwisho, akirudi atakuwa ametulia. Mtu wa kuomba lifti hukaa anapowekwa. Huu wa mwisho aliusema mara nyingi, nami niliusikia kama unavyosikia redio ya jirani.

Usidhani alikuwa mtu mtulivu. Ngozi aliishika kwa upole, lakini ukimletea kiti ambacho mtu mwingine amekipigilia pini za karatasi, alikuwa mkali kama pilipili. Alikuwa mwimbaji wa besi kanisani na hakukosa zoezi, ila waendeshaji wakianza kugombana juu ya abiria alizima cherehani ili asikie vizuri. Alihubiri habari ya kwenda polepole, na pikipiki kubwa ya mbio ikipita barabarani alisimama na sindano mkononi hadi mlio ukaishia upande wa Donholm. Na kubwa kuliko yote, huyu mtu aliyekuwa ameshona viti vya nusu ya Eastlands hakuwahi kumwomba yeyote ampeleke popote. Alikaa Mathare na kila asubuhi alikuja Tena kwa miguu. Jioni akarudi vilevile. Tulisema ni ubahili. Tulisema hivyo mbele yake, na yeye alicheka nasi.

Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa na kumpigia simu dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea, huko kwao Magharibi, ng'ambo ya Webuye. Aliongea kwa sauti, kama watu wa rika lake wanaoamini kwamba umbali unahitaji msaada wa koo. Kanisa zima lilimsikia. Na kila Jumapili alimaliza kwa maneno yaleyale: "Nikimaliza kiti hiki, nakuja."

Kiti hicho hakikumalizika. Mtaani ikawa methali. Mtu akikuahidi jambo lisilokuja, unamwambia, "Hiki ni kile kiti cha dada ya Fundi." Mimi nilimtania kuliko wote. "Fundi, dada anakungoja. Si upande basi la asubuhi tu, jioni uko kwenu?"

"Basi lina kiti kibaya," alinijibu.

Nikacheka. Najua leo kwamba nilicheka vibaya, lakini siku ile nilidhani ni mzaha mwingine wa viti.

Kazi yangu ni kutengeneza lifti za majengo. Nashinda ndani ya shimo la giza la jengo fulani mjini, nikipandisha na kushusha chuma, na mwanamke anayepanda na kushuka siku nzima hutamani sana kwenda mbele. Ndiyo sababu nilianza pikipiki. Na ndiyo sababu Fundi aliniita Lifti. "Lifti amekuja," alimwambia Mama Uji. "Lifti, kunywa uji kwanza." Sijui kama aliwahi kuniita kwa jina langu.

Ukafika wakati nikataka pikipiki kubwa. Mwenzetu mmoja tuliyekuwa tukiendesha naye alikuwa anahama nchi na kuacha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbio: nyekundu, nyembamba, injini kubwa kuliko akili ya mtu wa kawaida, usukani chini kabisa, na kwa abiria kipande cha sponji kama slesi ya mkate. Ya pili ilikuwa ya safari ndefu: nayo ina nguvu, ila ni pana, ina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, na kiti ambacho watu wawili wangeweza kula chakula cha mchana juu yake. Akanikubalia nizijaribu zote wiki moja. Nikazijaribu, nikakosa usingizi. Ya mbio nilipoifungua kwenye barabara pana asubuhi ya Jumapili, nilipiga kelele ndani ya helmeti kama mtoto. Ya safari ilinifikisha Naivasha na kunirudisha bila kiungo kimoja kuuma. Moyo ulitaka moja, mgongo ukataka nyingine. Nikazipeleka zote mbili kwa Fundi, mwenzangu akiendesha moja, mimi nyingine.

Alizizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe. Akapanda ile ya mbio ikiwa imesimama kwenye stendi yake, akainama hadi kidevu kikakaribia tangi.

"Hii si pikipiki," alisema. "Hii ni Toba. Angalia: mgongo umeinama, mikono mbele, kichwa chini. Pasta akinipata hivi ataanza kuniombea."

Mama Uji akapaza sauti kutoka kwake, "Amina!"

Kisha akapanda ile ya safari. "Na hii ni Sofa. Hapa mtu anapokea wageni." Akakaa mbele kidogo, halafu akajisogeza nyuma, kwenye nafasi ya abiria, na pale akatulia. Aliweka viganja juu ya magoti. Akafumba macho. Alikaa nyuma muda mrefu kuliko mbele, na mimi, nikiangalia saa, nilifikiri anapima sponji.

"Haya Fundi, nichukue gani?"

"Nyuma atakaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Hata siku moja?"

"Fundi, mimi sina mtu wa kubeba. Mimi na kofia yangu tu."

Alishuka, akajipangusa chaki, akashika sindano akaiangalia kwenye mwanga ingawa haikuwa na uzi. Ndipo akasema, "Basi chukua Toba. Usinunue kiti cha mtu ambaye hayuko."

Nilimshukuru kama anayeshukuru kutolewa jiwe kiatuni. Nikachukua Toba. Akanishonea kiti ambacho waendeshaji wenzangu waliomba kukigusa, mshono mweupe pembeni, mgongo wa chini umeinuliwa kidogo kwa sababu doa langu lilionyesha kwamba nateleza mbele nikiogopa. Sitadanganya: niliipenda ile pikipiki. Miaka miwili niliipenda. Viganja viliuma, shingo iliuma, na kila nilipoiwasha nilisamehe vyote.

Halafu siku moja nilipita kibandani kushonesha mshono uliofumuka, nikamkuta hayupo. Haikuwa kawaida yake. Mama Uji aliniwekea kikombe bila kuuliza.

"Amekwenda kutembea," alisema. "Dada yake amepiga simu siku ya kazi. Anasema macho yanamwisha. Anataka amwone akiwa bado anaona."

"Na si aende! Huyu mzee naye. Apande basi leo."

Mama Uji aliweka mwiko chini. "Kwani wewe hujui?"

"Kujua nini?"

"Huyo hawezi kukaa ndani ya gari. Mlango ukifungwa tu, pumzi inakatika. Anatoa jasho, anapiga vioo. Mara ya mwisho alipojaribu, aliwalilia wakamshushia Limuru. Akarudi huku na miguu. Mimi ndiye nilimwekea maji ya chumvi, nyayo zilikuwa zimechubuka zote."

Ubahili wote ule tuliomsingizia, kumbe. Mathare hadi Tena, jua na mvua. Nikamuuliza kwa nini basi asipelekwe na hawa watu wa boda, wateja wake mwenyewe, kule nje kuna hewa.

"Kwenda Webuye, kwa zile siti?" alisema. "Si yeye ndiye anazipima? Anajua zinafika wapi."

"Na mbona hakuniambia? Mimi nilimletea ile pikipiki hapa hapa."

Mama Uji alinitazama, si kwa ukali. "Angekuambia nini, mami? Ulimwambia huna mtu wa kubeba. Mimi nilikuwa hapa. Nilisikia."

Sikuweza kumaliza ule uji. Niliona aibu ambayo bado naiona nikiandika. Huyu mtu alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja katika mji mzima ambacho kingeweza kumfikisha kwa dada yake, amefumba macho juu yake, na mmiliki mtarajiwa alipomwomba ushauri, akatoa ushauri wa haki uliomwacha yeye nje. Alikuwa akiniita Lifti miaka yote ile, na mimi sikuwahi kumpa lifti hata ya kufika kona.

Sofa ilikuwa imenunuliwa na jamaa mmoja wa Donholm ambaye tangu mwanzo alikuwa akiikodolea macho Toba yangu. Nilimpigia simu palepale. Hakuamini masikio yake. Tulibadilishana kabla ya wiki kwisha, na alipoondoka nayo nilisimama getini kama mzazi anayepeleka mtoto bweni, nikisikiliza mlio hadi ukapotea. Nililia kidogo. Sioni haya kusema.

Asubuhi iliyofuata niliisimamisha Sofa mbele ya kibanda. Fundi alitoka, akaitazama, akanitazama.

"Toba imekushinda?"

"Lete kile kitambaa cheusi, Fundi."

"Kiti chako nakijua. Karatasi yako iko pale, Tassia ya tatu kutoka juu."

"Si changu. Tandika huku nyuma." Nikangoja hadi akatandika na kunyunyiza chaki, mikono yake ikienda yenyewe. Ndipo nikapiga kiti kwa kiganja. "Haya. Fundi, unakaa wapi?"

"Mathare," alisema.

Mama Uji alicheka hadi mwiko ukaangukia kwenye sufuria. Waendeshaji wawili waliokuwa pale walishikana mabega wakipiga kelele, "Mzae ameingia! Ameingia!" Na yeye mwenyewe alisimama mdomo wazi, halafu akacheka taratibu, na ndani ya kicheko akaelewa nimemuuliza nini. Kicheko kikaisha. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu kuliko mwanzo.

"Nani amekuambia?"

"Panda," nilisema. "Dakika kumi. Uongee."

Alipanda. Aliposhuka nililiinamia lile doa kama nilivyomwona akifanya, na hata mimi, mtu wa lifti, niliweza kulisoma. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, makalio nusu ndani nusu nje, kama mtu ambaye ameambiwa angoje aone kama atatakiwa.

"Unakaa pembeni, Fundi. Kama mtu wa kushuka."

Aligusa ukingo wa doa kwa kidole. "Ni mazoea," alisema. Akafungua skrubu, akakitoa kiti, akaingia nacho ndani. Jumapili ile kanisa lilimsikia akisema, "Nikimaliza kiti hiki, nakuja," na hakuna aliyecheka, kwa sababu safari hii wote tulikijua kiti chenyewe.

Tuliondoka alfajiri ya Alhamisi. Alivaa koti la kuazima kwa mwenzake wa kwaya, soksi mbili mbili na helmeti yangu ya zamani, na chaki ilikuwa imejaa kwenye suruali kama kawaida. Injini ilipowaka alinishika kiuno hadi nikakosa pumzi mimi. Tulipofika Limuru aliniambia nisimame. Alishuka, akatazama mahali fulani kando ya barabara, penye majani tu na mtaro wa maji. Nilidhani safari imeishia hapo. Akarudi, akapanda bila kuniegemea, na kusema, "Haya, twende."

Kuanzia Nakuru nilisikia kitu mgongoni, kama mtetemo wa nati iliyolegea. Nikapunguza mwendo nisikilize. Ilikuwa sauti ya besi. Aliimba sehemu yake ya kwaya peke yake, bila sauti nyingine tatu, kwenye baridi yote ya Timboroa, na nyimbo zote zilikuwa kama wimbo mmoja.

Dada yake tulimkuta mlangoni, amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharagwe mapajani, akichambua kwa vidole zaidi kuliko macho. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyofikiri. Kwa zile kelele za simu nilitarajia jitu. Fundi alisimama mbele yake na helmeti mkononi.

"Mulembe," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

Bibi aliinua uso, akauvuta ule uso wa pili karibu kwa mikono yote miwili, akaugusa paji, pua, kidevu. Hakulia. Aliuachilia, na kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi mgeni nisikie kesi yenyewe, akasema, "Kila mwaka tunaambiwa kitu kingine. Mara uko Mathare, mara uko Tena, mara unamaliza kiti. Sasa niambie leo, wewe unakaa wapi?"

Niliona akifungua mdomo. Niliona pia akiufunga. Swali lile alikuwa amewauliza watu maisha yake yote na akawacheka wote. Kulikuwa na kigoda kingine ukutani. Alikivuta, akakiweka ubavuni mwa dada yake hadi miguu ya vigoda ikagongana, akaketi.

"Nakaa hapa."

Bibi akamsogezea nusu ya ungo. "Basi chambua," alisema.

Nililala kwao siku mbili. Siku ya tatu niliwasha Sofa, naye akanisindikiza hadi barabarani, akakikagua kiti kwa mara ya mwisho, akavuta uzi mmoja ambao mimi sikuuona na kuukata kwa meno. Hakusema atarudi lini, na mimi sikuuliza. "Nenda polepole, Lifti," alisema. "Nyuma ni kwepesi sasa, itakudanganya kwenye kona."

Nilipofika Tassia na kuvua glavu, nililiona doa. Suruali yake ilikuwa imeacha chaki kwenye ngozi nyeusi ya nyuma, doa kubwa, pana, la mtu aliyekaa na uzito wake wote. Halikuwa pembeni.

Kibandani sasa Mama Uji ameweka kuni, ila mikunjo ya karatasi ameiacha ukutani. Waendeshaji bado hupita na viti vyao vilivyopasuka, wananikuta nikinywa uji, wananiuliza, "Siste, Fundi anakaa wapi siku hizi?" Nami nawaambia, "Katikati." Wanatazamana, wanatikisa vichwa, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba nimejibu vibaya.